Shingo ya Baba

Jumanne usiku binti yangu wa pili, yule mwenye maswali, alinisogezea simu hadi ikakaribia kutumbukia kwenye bakuli la sombe. Alitaka nisome mwaliko. Rafiki yake wa darasani anatimiza miaka 17, na wazazi wamekodi ukumbi wa kilabu cha gofu, Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Maputo, jina la mtoto kwa rangi ya dhahabu, na chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa na miwani: *tenue correcte exigée*, yaani mavazi ya heshima yanatakiwa. Hakuna jinzi. Hakuna sandali.

"Papa," akasema, "correcte kwa nani?"

Nilicheka, halafu tonge la bukari likanikwama. Mke wangu akanisogezea maji bila kuuliza. Nikanywa, nikamwambia mtoto avae gauni lake la Krismasi, mambo yaishe. Lakini usiku ule usingizi ulinikimbia. Kila nikifumba macho naona tai ya kijani yenye mistari ya rangi ya haradali, imening'inia kwenye msumari.

Jina la kilabu sitaliandika. Mkaaji wa Lubumbashi atasema anakijua. Sawa, akijue kimoyomoyo. Waliokuwa kwenye kamati wakati ule wengi wamekwisha kufa, na waliobaki hawanidai kitu wala siwadai.

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka 13 na nilikuwa kadi. Kwa wasiojua: mchezaji wa gofu anaruhusiwa kuwa na fimbo 14, si zaidi, na kwetu yeye mwenyewe habebi hata moja. Mtoto wa mtu ndiye anayembebea. Tulikuwa tukingoja nyuma ya kichuguu, mojawapo ya vile vichuguu vyetu vya Katanga vinavyoipita nyumba kwa urefu, mpaka kapita, msimamizi wetu, aite namba. Yangu ilikuwa 22, imetobolewa kwa msumari kwenye kipande cha bati. Sheria zetu zilikuwa chache. Usikohoe mtu akipiga. Usikanyage njia ya mpira wake kwenye grini, pale penye shimo. Usiseme umeuona mpira kabla hujauona. Na uvae kapitula ya kaki, hata Julai, hata asubuhi za baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Patalo, yaani suruali ndefu, ni ya wachezaji. Mwenzetu mmoja alikuja siku moja na patalo ya kaka yake. Kapita akamzunguka mara mbili, akamuuliza kama na yeye amekuja kulipa kiingilio, akamrudisha kwao.

Baba hakujua. Kwa baba, kila Jumamosi nilikuwa nakariri masomo kwa rafiki yangu huko Kamalondo. Yeye alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, na enzi zile mtoto wa mtu wa Gécamines hakuwa mtoto wa kubeba mizigo ya watu: kampuni inakusomesha, inakutibu, inawapa unga. Basi kwa nini nilibeba? Nilitaka viatu vya mpira. Ningependa kuwa na sababu nzuri zaidi, sina.

Sasa habari ya shingo, kwa ajili ya vijana. Kuanzia 1972 rais wetu Mobutu alikuwa ametuondolea suti na tai. Mwanaume wa heshima alivaa abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa *à bas le costume*, yaani chini suti: koti la kufungwa vifungo, ya baba yangu ikifika hadi kooni, bila shati ndani. Kilabu nacho kiliinama kama mji wote ulivyoinama. Halafu tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, karibu na Kinshasa, Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, akatokwa na machozi mbele ya watu, na katikati ya mambo makubwa yale akasema kwamba anayetaka kuvaa tai avae, ila yeye hatutamwona nayo. Mwezi uliofuata yakatokea mauaji ya chuo kikuu chetu hapa. Hayo hayaandikwi pembeni ya hadithi ya tai, nayapita. Mjue tu kwamba Julai ya mwaka ule watu wa Lubumbashi walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini.

Kamati ya kilabu ilikuwa imesikia jambo moja tu katika hotuba ile. Mwisho wa Juni karatasi ilipigwa taipu ikabandikwa mlangoni: chumba cha kulia, kuanzia saa kumi na mbili jioni, koti na tai, "kwa kurudia desturi ya kilabu". Desturi yenyewe ilikuwa na wiki mbili. Abakosti ya baba ilikuwa na miaka minane. Sisemi walidanganya. Kabla ya 1972 tai zilikuwepo kweli. Babu yangu, aliyekuwa karani, alivaa tai hata akienda kununua chumvi.

Na nikishamtaja babu, siwezi kuruka habari ya uma. Mwaka 1952 Wabelgiji walianzisha kadi ya *immatriculation* kwa Mwafrika waliyeona amestaarabika, na ili waone hivyo, wakaguzi walifika nyumbani kwako: unalala wapi, unaoga wapi, unakula na nini. Babu aliazima uma sita kwa jirani. Jirani naye alikuwa amezitoa kwa mwingine. Inasemekana zile uma zilizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, zikiwatangulia wakaguzi kwa siku moja. Kadi babu hakuipata. Baba, akiwa mtoto mdogo, ndiye aliyetumwa kurudisha uma, na kila alipotusimulia alicheka sana, hadi machozi, halafu ghafla anaacha kucheka na kuuliza kama mlango wa nyuma umefungwa.

Mwaka ule wa 1990 baba alipanda cheo, akaingia kundi la makadre, yaani maofisa wa ngazi ya juu. Mkubwa wake akamwambia sasa inafaa aingie kilabuni. Unatafuta wadhamini wawili, barua inapelekwa, halafu unaalikwa chakula cha jioni ili kamati ikufahamu. "Bakuangalie venye unakula," mama akasema. Barua ya mwaliko haikutaja tai. Kwa hiyo baba alitoa kwenye sanduku abakosti yake ya rangi ya kahawa, kazi ya fundi wa Kamalondo, inanuka naftalini. Kifuani palikuwa na matundu mawili madogo, mahali palipokaa beji ya chama miaka yote ile. Mama alijaribu kuyaziba kwa uzi. Yakazidi kuonekana.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Julai. Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile mimi nilijua tu kwamba baba na mama wanaenda "kwa wakubwa", na sikuuliza ni wakubwa gani, kwa sababu mtu anayeficha kitu haulizi sana.

Mchezaji wangu alichelewa kumaliza. Jua lilikuwa limezama, hewa imejaa moshi wa majani yanayochomwa, miguu yangu imepauka kwa vumbi na baridi. Aliniambia nipeleke mfuko barazani, karibu na mlango mkubwa, atanilipa akitoka kuoga. Nikazunguka ua wa miti na mfuko begani, ukanda unanikata shingo, fimbo zinagongana mgongoni kama masufuria. Nikatokea kwenye taa.

Chini ya taa alisimama bawabu, muzee wa parokia yetu ya Katuba, amevaa glovu nyeupe. Mbele yake, baba. Mama alikuwa amekwisha pita. Kikwembe chake kipya, nguo tatu, kilemba juu, hakuna aliyemgusa, maana karatasi ilizungumzia shingo za wanaume tu. Alikuwa tayari kwenye chumba cha ndani na mke wa yule mkubwa, anaamkiwa. Hakuona kitu.

Bawabu alikuwa ameshika tai. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na msumari wenye tai nyingine mbili, za kuazimisha.

"Munisamee, Shamapasa," alisema. Nyumbani tulikuwa na mapacha, wadogo zangu, na watu wote wa parokia walimwita hivyo. "Haina miye njo niliandika ile karatasi. Muvwale hii, paka kwa kuingia. Mukisha kukala, mutaifungula."

Baba aliitazama tai. Akaigusa koo yake. "Itashika wapi?" akauliza, na nakumbuka aliuliza kama mtu wa karakana anayeuliza habari ya boliti, bila hasira. "Hii haina kola ya tai. Ndani haina shimizi."

Bawabu akafikiri. Kwa haki, alikuwa anatafuta njia. Akavua glovu, akaziweka kwapani. Baba alichukua tai akajaribu mwenyewe. Tai yake ya mwisho ilikuwa ya harusi, kabla ya 1972, na mikono ilikuwa imesahau. Alipitisha upande mpana juu, ukatoka mfupi. Akapitisha chini, ukatoka mrefu hadi kwenye mkanda. Mtu aliyeweza kufungua pampu ya mgodi akaifunga tena gizani. Nyuma yake kulifika mgeni mwingine na mkewe, wakasimama, wakaanza kuongea habari ya baridi. Baba akajaribu mara ya tatu.

Ndipo bawabu akamnyang'anya, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaifunga tai shingoni mwake yeye mwenyewe, haraka, fundo zuri la kikoloni, sijui alijifunzia wapi na lini. Akailegeza, akaivua kichwani ikiwa imefungwa tayari, akanyoosha mikono juu, kwa sababu baba alikuwa mrefu. Na baba akainama.

Aliinama ili avishwe. Tai ikapita kichwani, ikakaa juu ya ile kola ya abakosti iliyofungwa hadi kooni, haina pa kujificha, inazunguka shingo nje nje kama kamba ya mbuzi. Juu ya mstari mmoja wa haradali kulikuwa na doa la supu. Bawabu akaivuta kidogo ikae katikati, akayafunika yale matundu mawili ya beji, akarudi hatua moja nyuma kuangalia kazi yake.

Baba alipoinua kichwa, aliniona.

Sijui tulitazamana muda gani. Yeye na tai yake, mimi na kapitula yangu na mfuko wa Mzungu begani na bati la namba 22 kifuani. Macho yake yalishuka kwenye bati, yakaenda kwenye miguu, yakarudi usoni. Nilikuwa nangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, hata nilikaza shavu. Yule mgeni wa nyuma akakohoa.

"Bonsoir, petit," baba akasema.

Ilikuwa sauti ninayoijua lakini si yangu, sauti ya kumwambia mtoto yeyote wa baraza yoyote.

"Bonsoir, patron," nikajibu.

Akaingia ndani. Kwa nyuma niliona utepe wa tai umepanda juu ya kola yake, na nywele zake fupi alizonyoa asubuhi ile.

Bawabu alivaa glovu zake. Alinijua vizuri, alinibeba siku ya ubatizo. Hakuniambia neno.

Waliporudi usiku nilijifanya nimelala. Baba alisimama mlangoni mwa chumba chetu, nikasikia pumzi yake, akaondoka. Kesho yake kanisani, wakati wa kupeana amani, yeye na bawabu walishikana mikono muda mrefu kuliko watu wengine wote wa benchi lile. Kamati ilimkubali. Akanunua shati jeupe na tai yake mwenyewe, akaenda mara nne, labda tano, kunywa bia moja na kusoma gazeti. Fimbo ya gofu hakuishika. Mimi niliendelea kubeba. Nikimwona anakuja nilikuwa nazunguka kichuguu kwa upande wa pili. Yeye naye, nadhani, alikuwa anachagua njia ya kupita. Viatu vya mpira nilivipata Agosti, nikamwambia mama ni vya kuazima.

Baba na mimi tuliongea juu ya jambo lile mara moja tu. Ilikuwa karibu na Noeli. Septemba mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulikuwa umeporomoka, na mshahara ulianza kuja ukiwa umechoka. Tulikuwa uani, wawili tu, amepindua baiskeli, mimi nimeshika gurudumu.

"Kwa saki moya," akasema bila kuinua kichwa, "banalipaka ngapi?"

Nikamwambia.

Akafanya hesabu, midomo inatembea. Jumamosi nne, mifuko miwili kwa siku. Halafu akafanya hesabu ya pili, ambayo nilielewa baadaye kuwa ni ya mchango wake wa mwezi kilabuni. Akaangua kicheko, kile kile cha uma.

"Kumbe weye banakulipa kwa kuingia," akasema, "na miye nalipa."

Alicheka hadi akaangusha spana. Halafu akanyamaza, akauliza kama mnyororo una mafuta.

Yaliyobaki mnayajua, yamempata kila mtu hapa. Uporaji wa 1991. Miaka ya njaa. Mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakachukua bahasha ya kuondoka kwa hiari, na baba akiwa mmoja wao, hiari yake ikiwa kama hiari ya wengine. Sasa amelala Sapin, kwenye makaburi, amevaa suti na tai. Tulibishana juu ya hilo pia, ndugu zangu na mimi. Walishinda wao.

Jumatano nilimpigia mama. Nilitaka tu kuhakikisha rangi ya tai.

"Ilikuwa nyekundu," akasema.

Nikasema kijani.

"Weye utayua wapi? Haukukuwa kule. Ulikuwaka kwa rafiki yako ku Kamalondo, unasoma."

Ana miaka 78. Nikasema ndiyo, mama, nyekundu.

Binti yangu, kwa upande wake, alikuwa amefanya uchunguzi wa aina yake. Alhamisi alikuja na simu tena. Je, najua kwamba kule St Andrews, Uskoti, kwenye kilabu cha mwaka 1754, wanaume walipiga kura kuwaingiza wanawake tarehe 18 Septemba 2014 tu, siku ile ile Uskoti ilipopiga kura kama ijitenge na Uingereza au ibaki? Sikujua. Je, najua kwamba Muirfield, huko huko Uskoti, walipiga kura 2016 wakakataa, wakapiga tena 2017 wakakubali? Sikujua. Na je, najua kwamba PGA Tour, wale wa Marekani, wachezaji wakubwa kabisa, waliruhusiwa kuvaa kapitula kwenye mazoezi mwaka 2019, siku ya mashindano hapana?

Hapo nilimwomba arudie. Kapitula. Mabwana wenye mamilioni walikuwa wanaomba wapewe kapitula. Nilimfikiria kapita wetu, popote alipo.

"Unacheka nini?" akauliza. Nikamsimulia nusu. Nusu ya tai. Sehemu ya "Bonsoir, petit" niliiacha, na sijui kwa nini naiandika hapa ambako ataisoma.

Ijumaa akaomba ufunguo wa sanduku. Abakosti ipo bado, ya kahawa, imepauka mabegani. Jumamosi saa kumi na moja na nusu alitoka chumbani akiwa ameivaa, vifungo wazi, fulana nyeupe ndani, sketi nyeusi, raba nyeupe. Mikono ameikunja mara mbili. Kifuani, kwenye yale matundu mawili ya beji ya chama, amechomeka kibeji cha paka anayekonyeza jicho. Mama yake alitaka kusema kitu, akaniangalia mimi, akaacha.

"Watanikatalia?"

"Siyui," nikasema. Nilikuwa nasema kweli.

Nilimpeleka. Baraza ni lile lile, wamepaka rangi. Ukutani hapana msumari, nilitazama. Mlangoni sasa wapo walinzi wawili wa kampuni ya ulinzi, vijana, wana redio na orodha kwenye kishikwambi. Nilibaki ndani ya gari, injini inaunguruma, kioo nimeshusha. Mmoja akapata jina lake kwenye orodha. Mwingine akamtazama. Nikaona mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye koo.

Lakini mlinzi hakuangalia shingo. Alikuwa anaangalia raba.

Nikazima injini.